Tepu za Maha

Gari lililokwaruzwa ubavu, lililoliwa na kutu, au lililogongana na ng'ombe kwenye barabara ya Horohoro, likiletwa kwa Sabiri Nasri hapo Nguvumali, mjini Tanga, lilizibwa mashimo kwa puti, likapigwa msasa, halafu likavalishwa. Kuvalisha lilikuwa neno lake mwenyewe. Alichukua tepu ya karatasi, ile ya manjano iliyopauka, akaizungusha pembeni mwa vioo, taa na mipira ya milango, akafunika na magazeti, ndipo akapulizia rangi. Rangi ikishakauka aliibandua tepu, na chini yake kioo kilikuwa kilekile, hakina hata chembe. Mafundi wenzake walikuwa na haraka. Yeye tepu aliilaza kwa ukucha wa kidole gumba, polepole, mpaka ikashikana na kioo kama ngozi.

Alikuwa Mdigo wa Maramba aliyeshuka mjini akiwa kijana. Mkewe, Shamsiya, alikuwa mwanamke wa mtaa wa Usagara, wa ukoo wa Waarabu wa Omani walioingia Tanga zamani na kushika maduka na mashamba ya minazi. Alipomwoa alikuwa ameachika, na ana mtoto wa kike aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kukimbia, jina lake Maha. Mume wa kwanza, Hamed, alikwenda Muskati kutafuta maisha, akaoa hukohuko, na talaka ya Shamsiya ikaletwa na ndugu. Nyumbani kwa kina Shamsiya walinung'unika kwamba binti yao anakwenda kwa fundi wa gereji mwenye rangi kwenye kucha. Shamsiya akasema rangi hutoka kwa petroli. Akaolewa.

Maha hakufundishwa na mtu kumwita Sabiri baba. Siku moja alianguka uani, akalia "Baba," na aliyetoka mbio ni Sabiri. Likabaki hivyo.

Mwaka Maha alioingia darasa la kwanza, mwalimu mmoja aitwaye Ernesti alileta gereji gari dogo lililotoka Japani, limekwaruzwa huko bandarini. Sabiri alipong'oa kiti cha nyuma akakuta kopo la bati. Ndani yake zimepangwa roli za tepu nyembamba, nyingine hazizidi upana wa kidole. Ilikuwa tepu ya karatasi kama ile yake ya kazi, lakini hii ilichapwa maua ya waridi, mawimbi ya bluu, miavuli myekundu, na paka waliolala. Akampigia simu mwenye gari.

"Mwalimu, humu kuna kopo la mtu."

"Kopo la nini?"

"La tepu. Tepu za maua."

Ernesti akacheka. "Wenyewe wako Japani, fundi. Nitawatafutia wapi? Mpe mtoto."

Maha alizimwaga mkekani, akazitazama moja moja. Kisha akauliza, "Baba, kumbe Wajapani nao wana mafundi rangi?"

"Wanao. Lakini hizi nadhani ni za watoto wa mafundi."

Akamfundisha kuitumia kama anavyotumia yeye. Usiivute, ukiivuta itarudi nyuma. Ilaze, halafu pitisha ukucha. Ukitaka kuitoa, ikunje juu yake yenyewe na uende nayo chini chini, utaona haibaki alama. Maha alijaribu ukutani, akabandua, akapitisha kiganja pale palipokuwa na tepu. Palikuwa safi. Akaenda kumwonyesha mama yake mahali ambapo hapakuwa na kitu.

Tangu hapo nyumba ile ya kupanga, ambayo mwenye nyumba hakuruhusu hata msumari, ikavaa. Maha alipitisha mawimbi kuizunguka swichi ya taa. Akatengeneza fremu za miavuli ukutani na kuweka ndani yake picha za familia. Juu ya kitanda chake alijenga mji mzima wa vipande vya tepu, nyumba za waridi zenye milango ya bluu, na kila paa lina paka. Madaftari yake yaliwekewa pindo, rula ikavikwa, na kandambili za Sabiri zikapata maua yaliyodumu mpaka alipoingia nazo bafuni. Shamsiya alikuwa akipika visheti na kuviuza. Maha akaanza kufunga mifuko yake kwa kipande cha tepu ya waridi badala ya kuichoma kwa mshumaa, na wateja wa Usagara wakawa wanaulizia visheti vya ua.

Roli zilipokaribia kuisha Sabiri alizunguka maduka ya vifaa vya shule mpaka akapata nyingine. Zile za mwanzo zilikuwa bora, hizi zilishika sana, ukibandua zinaondoka na rangi ya ukuta. Alizinunua hivyohivyo, akamwambia Maha azitumie kwenye karatasi tu.

Shamsiya alianza kuvimba miguu. Walidhani ni kusimama jikoni. Hospitali wakasema ni figo, na kwamba ugonjwa ulikuwa umekwisha kwenda mbali. Macho yake nayo yakawa hayaoni vizuri maandishi madogo, akawa anachanganya dawa. Maha ndiye aliyelitatua hilo. Alizungushia tepu kila chupa, mawimbi ya bluu kwa dawa za asubuhi na miavuli myekundu kwa za jioni, na ile ya kumezwa na chakula akaipa paka.

"Mama, paka hali mpaka wewe ule," alimwambia.

"Basi leo paka atashinda na njaa," Shamsiya akajibu, lakini alikula kidogo.

Alifariki siku ya Jumatano kabla ya adhuhuri, akazikwa alasiri ileile. Waliorudi kutoka makaburini walimkuta Maha amekaa kwenye ngazi ya nyumba na zile chupa mapajani. Alikuwa anabandua tepu, moja baada ya nyingine, na kuzilaza juu ya mkono wake. Sabiri alikaa kando yake. Alimshika mkono ule wenye tepu mpaka watu wakamwita ndani.

Baada ya arobaini akaja Mazin, kaka yake Shamsiya. Alikuwa mtu mwema, tena katika ndugu wote ndiye aliyempenda Sabiri tangu mwanzo. Alikunywa kahawa, akakiweka kikombe chini, halafu akasema.

"Shemeji, Hamed amepiga simu. Anamtaka mtoto wake."

"Mtoto hamjui."

"Atamjua. Ana nyumba, ana mke, wana watoto. Atasoma."

"Na hapa hasomi?"

Mazin aliinamisha kichwa. "Sikuja kubishana na wewe. Ningekuwa na la kusema ningelisema kwa ajili yako. Lakini yule ni baba yake."

Sabiri alikwenda kwa shehe wa msikiti wao, mzee aliyewafungisha ndoa. Shehe alimsikiliza mpaka mwisho, akamweleza kwa upole kwamba bibi mzaa mama ndiye mwenye haki ya kulea, lakini bibi huyo amesema mwenyewe kwamba hana tena nguvu, na baba yu hai na anamtaka mwanawe.

"Na mimi ni nani kwake, shehe?"

"Wewe ni mahram yake. Ulimwoa mama yake, hilo halifutiki mpaka kufa. Hata akiwa mtu mzima atakaa mbele yako bila mtandio kama anavyokaa mbele ya baba. Lakini kumzuia asiende, Sabiri, huna njia."

Sabiri akashukuru, akatoka, akasahau viatu vyake msikitini. Alifika nyumbani pekupeku.

Jirani yake, Anastazia, waliyetengana naye kwa ukuta mmoja, hakukubali. "Nenda ustawi wa jamii," alimwambia. "Nenda mahakamani. Mtaa mzima tutakuja kusema nani kamlea."

"Nikishinda nitamwambia nini mtoto? Kwamba baba yake alimtaka, nikamkatalia?"

"Utamwambia ulimpenda."

"Hilo analijua," Sabiri akasema. Anastazia akarudi kwake akilia, maana aliona kwamba mwenzake ameshakata shauri, na kwamba shauri lenyewe lilikuwa linamuua.

Hamed alikuja mwenyewe. Sabiri alimtarajia mtu wa majivuno, apate pa kuiweka hasira yake. Akaja mwanamume mwembamba, mwenye aibu, aliyevua viatu mbali na mlango na hakujua akae wapi. Maha alimwamkia shikamoo kama anavyomwamkia mgeni yeyote, kisha akaenda kusimama nyuma ya bega la Sabiri. Hamed aliliona hilo.

"Nakushukuru, ndugu yangu," alisema. "Nilikuwa sipo. Ulikuwepo wewe."

Sabiri alijibu kwamba hakuna deni. Akamwambia mtoto hali samaki mwenye miiba mingi, na radi ikipiga huogopa, asiachwe peke yake. Hamed aliitikia kila neno kwa kichwa.

Siku iliyotangulia safari Sabiri alikwenda kazini kwa sababu hakujua la kufanya na mikono yake. Aliporudi alasiri alisimama mlangoni, akadhani ameingia nyumba ya mtu mwingine. Swichi ya taa ilikuwa tupu. Fremu za miavuli hazipo, na picha zimepangwa mezani. Chumbani, Maha alikuwa amesimama juu ya kigoda, anakibandua kipande cha mwisho cha ule mji wake, akikikunja juu yake chenyewe na kwenda nacho chini chini kama alivyofundishwa. Nyumba zote za waridi alikuwa ameshazilaza kwenye kalenda kuukuu, upande ule unaoteleza, kila moja mahali pake.

"Nazipeleka kule," alisema. "Nitazibandika vilevile, ili ukija uone ni nyumbani."

Sabiri alitazama ukuta. Ulikuwa mweupe kama siku walipoingia.

"Umezitoa vizuri," alimwambia.

"Sikuharibu hata mahali pamoja. Gusa."

Akagusa. Alipitisha kiganja ukutani, huku na huku, akitafuta hata gundi kidogo, hata mkwaruzo mmoja, mahali ambapo angeweza kusema hapa palikuwa na mtoto. Hakupata. Akamwambia mtoto aende kwa Anastazia akamuage, na alipobaki peke yake akaegemeza paji la uso kwenye ule ukuta na kulia kwa sauti ambayo hakuwa ameitoa hata kwenye msiba.

Mwanzoni Maha alipiga simu ya picha kutoka Muskati kila Ijumaa. Alimwonyesha chumba chake, na kweli mji ulikuwa ukutani, ingawa mapaa mawili yalichanika njiani. Alikuwa analala na dada zake wawili wadogo. Alisema kuna baridi ndani na joto nje. Alisema amejifunza kuhesabu kwa Kiarabu, akahesabu. Sabiri alifunga kazi mapema kila Ijumaa, akanawa, akavaa kanzu, akaiegemeza simu kwenye chupa ya chai na kungoja.

Kisha chumba kilipakwa rangi upya na ule mji ukaondolewa. Maha alimweleza hivyo bila huzuni, kama mtu anayeeleza habari za hali ya hewa. Ijumaa nyingine hazikuwa na simu. Na ikaja siku moja, akiwa amekaa sebuleni na watu wanapita nyuma yake, mama yake wa kambo alimuuliza kitu kwa Kiarabu, naye Maha akajibu akicheka, halafu akageukia simu na kusema, "Haya, Ami Sabiri, nitakupigia."

Ami ni baba mdogo. Ni neno la heshima, hakuna aliyekosea. Sabiri akamjibu, "Haya, mwanangu, uwasalimie," kwa sauti yake ya siku zote, na simu ilipokatika alibaki ameikodolea macho mpaka kioo kikazima chenyewe.

Hakuoa tena. Mazin alimletea habari za wanawake wawili watatu, akasikiliza kwa adabu, akabadili mazungumzo. Zile roli mbovu, zinazoshika sana, alizipeleka shuleni kwa mwalimu Ernesti akawape watoto.

Mwaka jana, wakati wa Idd, Hamed aliwaleta wanawe Tanga kumwona bibi, na Mazin akamleta Maha Nguvumali. Alikuwa ameshakuwa mrefu, ana abaya nyeusi na meno yaliyofungwa waya. Kiswahili chake kilikuwa kinatafuta maneno. Sabiri alikuwa amepika pilau mwenyewe. Maha alikula kidogo, akasifu, akaangalia kuta bila kuuliza kitu. Mazin akatoka nje kuwaachia nafasi, nao wakabaki wawili.

"Nataka kukuuliza," Maha alisema. "Mama alikuwa anaongea vipi? Sauti yake. Nimeipoteza."

Sabiri alifikiri. Kwenye simu yake hakuwa na sauti ya Shamsiya, picha tu. "Alikuwa anaongea haraka," alisema. "Halafu neno la mwisho analivuta. Akikuita wewe alikuwa anasema Mahaa, kama mtu anayeita kutoka mbali, hata ukiwa karibu."

"Mahaa," msichana alirudia, polepole.

"Si hivyo. Juu zaidi."

Akajaribu tena. Sabiri akatikisa kichwa, akajaribu yeye, na sauti yake nzito ya kiume haikufanana kabisa. Wakaendelea kujaribu, mmoja baada ya mwingine, mpaka macho yao yakajaa, na hakuna aliyeipata.

Mazin alipobisha hodi, Maha alinyanyuka, akaubusu mkono wa Sabiri. Toka alipoingia mpaka alipotoka hakumwita kwa jina lolote, si baba, si ami. Sabiri aliwasindikiza mpaka kwenye gari, akamfungia mlango, akarudi ndani kuondoa vyombo. Kesho yake asubuhi alikuwa gereji, anavalisha vioo vya gari la mtu wa Pangani lililotakiwa jioni hiyohiyo.