Kiingereza Kisicho na Kosa na Nyumba Yenye Dohani

Nyumba ya karani ilikuwa ya mawe, ina vyumba viwili, paa la mabati, na dohani ya kutolea moshi. Kwangu mimi dohani ndiyo iliyokuwa nyumba. Katika shamba lile la ngano kule juu Mau Narok, sisi wafanyakazi tulilala katika vibanda vya udongo na nyasi, moto katikati ya sakafu, na moshi ukijitafutia mwenyewe pa kutokea. Mke wangu alikuwa na kifua. Mvua ya kwanza tuliyoikuta huko ilimletea kikohozi. Mvua ikaisha, kikohozi kikabaki. Tukizima moto, baridi inamkaba. Tukiwasha, moshi unamkaba. Watoto walijifunza kulala katikati ya kukohoa kwake.

Karani alikuwa Mkikuyu. Ilikuwa miaka ya hali ya hatari, na asubuhi moja lori la askari lilikuja likawachukua Wakikuyu wote wa shambani pamoja na masufuria yao. Hatukumwona tena. Nyumba yake ikafungwa, na bwana mwenye shamba akatangaza kwamba atachagua karani mwingine Jumamosi, baada ya kugawa posho.

Mimi nilikuwa mpimaji wa stoo. Nilipandisha magunia kwenye mizani nikaita uzito, karani akaandika. Kazi yake niliijua yote. Kilichokuwa kimenipungukia hapo mwanzo ni Kiingereza, kwa sababu kila kilichoandikwa pale stoo, kuanzia mikebe ya dawa ya mbegu mpaka karatasi za reli kutoka Nakuru, kilikuwa kwa lugha hiyo. Lakini wakati karani anachukuliwa, nilikuwa nimeshajifunza kwa muda mrefu.

Nilijifunza kwa utaratibu. Mpishi wa bwana, mzee mmoja aliyetoka pande za Olenguruone, alinipa magazeti ya jikoni kabla hayajawashiwa moto. Dereva wa lori aliyepitia Kariandusi aliniletea mapande ya ule udongo mweupe kama chaki unaochimbwa huko, nami nikaandika nao ukutani mwetu, ambao moshi ulikuwa umeufanya mweusi kama ubao wa shule. Kila wiki nilishughulika na kosa moja tu, lile ambalo sisi hulifanya kwa sababu ya lugha zetu. Sikulifuta mpaka nimelimaliza.

Wiki ya kwanza nilimweleza mke wangu kwamba Mwingereza ana yeye wawili, mmoja wa mwanamume na mwingine wa mwanamke, na ukiwachanganya anakucheka.

“Na ng'ombe ni yeye gani?” aliniuliza.

“Ng'ombe si yeye. Ng'ombe ni kitu.”

“Na mimi?”

“Wewe ni yeye wa kike.”

“Afadhali,” alisema. “Nimempita ng'ombe.” Akacheka mpaka kikohozi kikamshika.

Wiki nyingine ilikuwa zamu ya kuazima, maana kwao anayetoa ana neno lake na anayepokea ana lake. Kisha likaja lile la kujibu swali lenye hapana ndani yake. Sisi tukiulizwa, “Hujafunga lango?” tunajibu, “Ndiyo,” yaani ni kweli, sijafunga. Mwingereza anasikia kwamba umefunga. Mchunga ng'ombe wetu mmoja alimjibu hivyo kwa Kiingereza mgeni wa bwana, kijana aliyetoka Uingereza karibuni na ambaye hakujua Kiswahili. Mgeni akaenda zake ametulia, ng'ombe wakaingia kwenye ngano, na mchungaji akapigwa kiboko mbele ya stoo. Niliporudi nyumbani siku hiyo niliandika kosa lile ukutani kwa herufi kubwa. Niliamini kwamba tunapigwa kwa sababu tunakosea. Ilionekana kwangu jambo la kufurahisha, kwani kosa linaweza kuondolewa.

Siku ya kuchaguliwa ilipokaribia, mpishi aliniita nyuma ya jikoni.

“Ndugu yangu, Jumamosi utasema nini na mzungu?”

Nikamwambia nimetayarisha sentensi zangu na nimezikagua zote. Nikamtolea moja. Alinisikiliza huku akimenya viazi.

“Nzuri sana,” alisema. “Sasa hiyo iache kwako nyumbani. Mzungu huyu ukimsemesha Kizungu ni kama umeketi kwenye kiti chake. Mwambie iko, hapana, mimi nataka, basi. Mimi nimempikia tangu hajaota kipara, na hajui kama nasikia anachosema mezani.”

“Lakini anataka mtu wa kusoma Kiingereza.”

“Anataka macho. Mdomo anao wake.”

Nilimshukuru kwa heshima na sikumfuata. Alikuwa hajui kusoma, nami nilidhani anasema hivyo kwa sababu hiyo.

Tulikuwa wawili tuliotaka kazi, mimi na dereva wa trekta, mtu aliyesemekana alisoma misheni ingawa hakuna aliyewahi kumsikia akisema neno la Kiingereza. Bwana alisimama kwenye ngazi za stoo, mbwa wake wawili wamelala miguuni. Watu waliokuwa wamepokea posho walibaki kutazama.

“Wewe iko najua soma?” aliniuliza kwa Kiswahili chao, kile walichowasemea watumishi.

Nilimjibu kwa Kiingereza. Nilisema kwamba ninaweza kusoma na kuandika, kwamba nimefanya kazi katika stoo hii tangu nilipofika shambani, na kwamba ningefurahi kupewa nafasi hiyo. Nilisema polepole, na kila neno lilikaa mahali pake. Nilijisikia kama mtu aliyevuka daraja la mti mmoja bila kulowa.

Uso wake ulibadilika. Niliusubiri ubadilike, lakini si hivyo.

“Nani nafundisha wewe?”

Nikamwambia, bado kwa Kiingereza, kwamba nimejifundisha mwenyewe jioni baada ya kazi.

“Jioni,” alisema. “Jioni watu kingine nafanya maneno mingi mbaya sana. Wewe nakaa na nani hiyo jioni?”

“Na mke wangu na watoto wangu,” nilimjibu, nikijua anawaza viapo vya usiku, na hilo pia kwa Kiingereza. Sikujua namna ya kurudi nyuma. Kiswahili kile cha iko na hapana sikuwa nimekiandaa.

“Sikia. Mimi iko na Memsahib ya kusema Kiingereza. Mimi iko na mbwa mbili ya kusema Kiingereza. Mimi hapana taka karani ya kusema Kiingereza.”

Watu wakacheka, wenzangu, wale niliokuwa nawapimia unga wao. Sikuwalaumu sana, ilikuwa imesemwa ili wacheke.

Dereva wa trekta alivua kofia. “Mimi najua kidogo tu, Bwana,” alisema. Alipewa mkebe wa dawa ya mbegu, akasoma maandishi yake kama mtu anayetembea kwenye mawe ya moto, akakwama, akakosea, akakosea tena palepale. Bwana akamsahihisha. Akakosea mara nyingine, bwana akacheka kwa furaha ya kweli, akampiga begani. Ufunguo wa nyumba ya mawe ulitolewa mfukoni mbele ya macho yangu.

Nyumbani, mke wangu alikuwa ameshafunga sufuria na nguo katika shuka. Alikuwa ameketi juu ya mzigo.

“Baba watoto, ulikosea wapi?”

“Sikukosea.”

“Hata mahali padogo?”

“Hata padogo.”

“Basi mbona hatuhami?”

Alifungua ile shuka akaitandika.

Jioni hiyo karani mpya alikuja kwetu na mkebe wa sukari kama mtu anayekuja matanga. Alimsalimu mke wangu, “Shemeji, pole,” kisha akanigeukia na kusema nami kwa Kiingereza. Kilikuwa laini, cha mtu aliyefundishwa na wazungu tangu utotoni, na kilipita changu mbali. Sentensi zangu zilisikika karibu nacho kama nguo ya kuazima.

“Nimesoma misheni mpaka nikawa msaidizi wa mwalimu,” aliniambia, sasa kwa Kiswahili. “Wewe ulijifunza kuepuka makosa, mzee. Hakuna aliyekuambia kuna mahali yanapotakiwa?”

“Niliambiwa.”

“Nani, mpishi?”

“Ndiye aliyeniambia.”

Akatikisa kichwa, akamaliza chai aliyopikiwa na mke wangu na kwenda kulala kwenye nyumba yenye dohani. Hakuwa na mke wala mtoto.

Msimu wa baridi ulipokuja, mke wangu alianza kutema damu. Nilimpeleka Nakuru kwa lori la ngano, na hospitalini wakasema asilale tena kwenye moshi wala kwenye baridi ile. Waliyasema hayo kama vile sisi ndio tuliochagua. Tulikubaliana arudi kwao, chini kwenye joto, na watoto aende nao. Mimi mkataba ulinifunga. Bila barua ya bwana nisingeajiriwa popote, na pesa ya dawa ilikuwa itoke kwangu. Walipanda gari la moshi mchana. Mke wangu hakulia. Alinikumbusha kufunika viazi visigande kwa baridi.

Siku iliyofuata bwana alinikuta kwenye mizani.

“Wapi bibi yako? Mimi hapana ona yeye.”

“Iko nakwenda kwao, Bwana,” nilimjibu. “Iko mgonjwa. Mimi nabaki peke yangu.”

Akatabasamu kwa wema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kunitabasamia.

“Mzuri,” alisema. “Sasa wewe nasema mzuri.”