Neno Kichuguu Lilivyonipeleka Jiwe la Tororo

Sikwenda Tororo kutalii. Nilipelekwa na mdomo wangu.

Mimi ni mwanamke wa Busia, upande wa Kenya, nauza viatu vya mitumba. Wajumbe wa kwao Othieno, kijana wa Uganda, walipokuja kumposea binti yangu Nafula, walikula kuku wawili, wakashiba, wakaanza kulisifu jiwe lao la Tororo. Refu! Lina mapango! Lina historia! Nami nikasema, "Aa, lile? Si ni kichuguu tu." Watu walicheka, na mimi nilicheka kuwashinda wote. Kwetu kichuguu ni mali, kinatoa kumbikumbi, mtu anakirithi kwa babake. Lakini neno lilivuka mpaka bila kitambulisho, na lilipofika Mella kwa mama yake Othieno, kumbikumbi walikuwa wameshadondoka njiani. Jibu likarudi: aje akikanyage hicho kichuguu mpaka juu, ndipo tupange harusi. Nafula alilia siku mbili. Hakunilaumu hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma.

Jumamosi, saa moja asubuhi. Shemeji yangu Wandera, mzee wa kanisa na msemaji wa familia kwa kujichagua, alikuja amevaa suti na raba mpya. "Leo nitakuonyesha mlima unavyopandwa," akaniambia. Mimi nilivaa viatu vya kisigino. Muuza viatu ataendaje kwa wakwe na raba, jameni? Tulivuka mpaka kwa miguu, tukakodi gari upande wa pili.

Msitu wa Busitema. Nyani walikuwa wamekaa kando ya barabara wakitukagua. Wandera alitueleza, mimi na dereva, tabia za Waganda. Dereva, ambaye ni Mganda, alisikiliza kwa heshima kubwa.

Saa nne tukaingia Tororo. Mungu wangu! Jiwe limesimama peke yake pale mjini, limenyooka, na minara ya simu juu yake. Nilitazama mpaka shingo ikauma. Wandera naye alitazama, na papo hapo goti lake likaanza kuuma. "Jeraha hili ni la zamani," akasema, akaketi kwenye hoteli ya jirani na kuagiza chai na chapati. Raba zake zilirudi nyumbani safi.

Mama Othieno alikuwa akinisubiri chini ya mlima na wanawake watatu wa ukoo wao. Mfupi, gauni la gomesi la kijani, mshipi umekazwa. Mkono sikupewa.

"Ni wewe nasemaga jiwe yetu ni kichuguu?"

"Ni mimi, mama. Nisamehe."

"Msamaha iko juu. Twende."

Mwongozaji wetu, mtu wa makamo aitwaye Ofwono, akatusimamisha kwanza. "Mlima hii iko na wenyewe," akasema. "Lazima naomba ruhusa."

"Sawa kabisa," nikamjibu. "Wako ofisi gani?"

"Wenyewe hawana ofisi."

"Basi tuwapigie simu, tusije tukafukuzwa katikati."

Wale wanawake watatu waliziba midomo. Hapo ndipo nilipong'amua kwamba wenyewe anaowasema hawaonekani, na simu hawashiki. Mimi ni Mkristo, nimebatizwa kwa maji mengi. Hata hivyo niliomba ruhusa kwa Kisamia, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza kidogo, nisije nikamruka anayehusika.

Tukaanza kupanda mimi, Mama Othieno na Ofwono; wale wanawake watatu wakabaki chini. Kwenye mapumziko ya kwanza Ofwono alisema kwamba zamani, wakati wa vita, watu walijificha pangoni na ng'ombe wao, jiwe likafunga mdomo mpaka adui wakapita. Kwenye mapumziko ya pili akasema jiwe lilikuwa likitembea kutoka upande wa Elgon, likachoka, likakaa hapa. Hiyo niliiamini, maana mimi pia nilikuwa nimechoka hapo hapo. Kwenye ngazi ya kwanza kisigino kilinasa, nikavua viatu. Mama Othieno alivichukua, akavichomeka kwenye mshipi wake.

Saa sita, ngazi ya mwisho. Imesimama wima kama ukuta. Ofwono alikuwa ameshafika juu.

"Karibu, mama!"

"Karibu ya kufika au ya kukaribishwa?"

"Yote!"

Nilipanda vipandio vitatu. Nikaangalia chini. Woi! Nikashuka kwa makalio, nikakaa, nikalia mbele ya mkwe bila aibu. "Mama, nimeshindwa. Msimnyime mtoto harusi kwa sababu ya mdomo wangu. Yeye hakusema kitu."

Nilipogeuka, Mama Othieno alikuwa amelikumbatia jiwe kwa mikono miwili, macho amefumba.

"Hata mimi naogopa," akasema.

"Wewe? Umepanda mara ngapi?"

"Hii ndiyo ya kwanza."

"Haa! Mama!"

"Sasa nani napanda kitu naona kila siku akiwa kwake? Nilisema vile nikijua hautakuja."

Nilicheka mpaka machozi yakabadilisha kazi. Yeye naye akacheka, bila kuliachia jiwe. Kisha akafumbua jicho moja. "Wale wa chini watauliza."

Tukatazamana. "Tumefika," nikasema.

"Tumefika," akasema.

Ofwono alikuwa ameshashuka, amesimama kando akitazama mawingu. "Mimi sikuona kitu," akasema. "Nilikuwa naongea na wenyewe."

Chini tulimkuta Wandera akiwaeleza wale wanawake jinsi alivyoniongoza kwa macho. Wakauliza tumeona nini juu. "Ziwa," akasema Mama Othieno. "Na Kenya yote," nikaongeza. Akanishika mkono mbele yao, akauinua. "Huyu ni mkwe wangu. Tupange arusi."

Jioni, Busia. Nafula alikuwa mlangoni. "Wamekubali?" Nikamwambia wamekubali, akaniangukia shingoni, nami nikamshika kwa nguvu.

Nilichojifunza safarini ni hiki: mimi na mkwe wangu hatuwezi kugombana tena maisha yetu yote, kwa sababu kila mmoja anajua mwenzake aliishia wapi. Siku ya harusi alisimama mbele ya kanisa zima, akasimulia tulivyofika kileleni na kuona ziwa mpaka mitumbwi. Kisha akanigeukia. "Si kweli, mkwe?"

Nilimtazama mchungaji. Nikamtazama Nafula ndani ya shela yake, anameremeta.

"Kweli tupu," nikasema. "Hata samaki niliwaona."