Mluzi wa Tabo

Fundi wa kuseti injini kwa kompyuta hapokei lori chafu. Alitupatia karatasi ya masharti: injini ioshwe, oili iwekwe mpya, chujio la hewa libadilishwe, tangi liwe nusu, mzigo ushushwe. Chini kabisa dereva aandike lori linaumwa nini, atie saini. Miadi ilikuwa Jumatatu saa mbili asubuhi.

Jumamosi nzima mume wangu alishinda chini ya lori, uani kwetu. Lori ni la tajiri, lakini ameliendesha miaka ishirini na sita, na ukimsikia anavyolizungumzia utadhani kalizaa. Madereva wenzake wanamwita Daktari. Zamani injini ikikohoa alikuwa anasikiliza tu, akakwambia ni nozeli ya ngapi. Huyo fundi wa kompyuta alikuwa bado ananyonya.

"Andika," aliniambia Jumapili asubuhi, mikono imejaa grisi. "Tabo imekufa. Haisukumi hewa, maana ule mluzi wake haupo tena. Likipanda mlima, kimya."

Nikaandika hivyohivyo alivyosema. Jana yake tu alipoliwasha, mluzi huohuo ulinitoa jikoni mbio. Lori lilikuwa zima. Mgonjwa alikuwa Daktari.

Nisidanganye, sikuanza kujua siku hiyo. Tangu mwaka jana birika linapiga kelele mpaka linakauka, na yeye kakaa ubavuni mwake anasoma gazeti. Mjukuu anaita "Babu!" mara nne, mwishowe ananuna. Nikawa napaza sauti, majirani wakadhani tunagombana kila siku. Na kweli tulikuwa tunagombana. Mimi mdomo wangu hauna breki, mtaa mzima unajua, ila kwa hili nilinyamaza. Tajiri akijua tu, funguo zinarudi siku hiyohiyo. Na huyu mwanamume bila funguo zile, jamani, nitamfanyaje? Nilikuwa naogopa.

Akapanda, akaliwasha, akakanyaga mafuta. Mluzi ukalia hadi meno yakaniuma. Akachungulia dirishani, macho kwenye midomo yangu.

"Wewe unausikia?"

"Hata mimi siusikii."

Loo, alivyotabasamu! "Nilijua tu si mimi," akasema. Akaniambia nikae pembeni, anarudi nyuma kidogo apate kuosha upande wa ukutani. Nikaelekea ndani naye ananiona. Nikiwa mlangoni nikakumbuka beseni nimeliacha nyuma ya tairi, na ndilo beseni pekee nililonalo. Nikarudi kulichukua.

Nimeinama, lori linakuja.

"Simama!" Nikapiga bodi kwa ngumi. "Baba, simama!" Jirani naye akapiga ukelele kutoka ng'ambo ya ukuta. Lori linakuja tu. Nilijirusha, sijui kwa miguu ya nani, beseni likapasuka chini ya tairi pale nilipokuwa.

Alihisi tairi limepanda kitu, akashuka. Akaliona beseni. Akaniona nimekaa kwenye maji ya sabuni, na jirani juu ya ukuta kashika kichwa kwa mikono miwili.

"Uliniita?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Mara ngapi?"

Nikaanza kulia, na mimi si mtu wa kulia. Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wakubwa, ila kifo chenyewe kilikuwa kinanijia mimi niliyemsaidia kuficha. Nikanyanyuka na nguo zangu zinachuruzika, nikachukua karatasi, nikayakata yale ya tabo. Nikaandika kwa herufi kubwa: LORI ZIMA. DEREVA HASIKII.

Akaisoma. Akairudia. Nilidhani ataichana, na angeichana ningeiandika tena. Akajifuta mikono kwenye suruali, akachukua kalamu, akatia saini pale palipoandikwa "dereva".

Kisha akanipandisha kwenye kiti chake. Miaka yote hiyo sikuwahi kukikalia. Akanionyesha pa kukanyaga, akashuka, akasimama mbele, kiganja amekibandika kwenye bati la lori.

Nikakanyaga.

"Mluzi unalia?" akauliza.

"Unalia, baba."

"Kwa nguvu?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akaniambia nikanyage tena.