Mlango Wenye Ndugu Wengi

Hakuna aliyeijua yadi ya magari mabovu ya Wojtas kama Lottie. Tangu mwaka 1951 alikaa nyuma ya kaunta ile pale Toledo, na gari bovu likiingia tu getini, alishajua taa zake zitamfaa nani. Mimi nilikuwa fundi wa kung'oa injini, na kwa miaka kumi na minane sikumwona akifungua daftari. Ukimwulizia rejeta alikwambia: safu ya saba, chini ya gari la mkate, na uangalie nyigu.

Mumewe alipofariki, yadi ilibaki kwake na kwa shemeji yake, Chester. Mwaka 1984 Chester akaleta kompyuta, akaiweka juu ya kaunta kwa heshima zote.

"Ya nini hii?" Lottie akauliza.

"Shemeji, una miaka sitini na mitatu. Ukianguka kesho, yadi nzima unakwenda nayo kaburini."

"Basi nizikeni karibu na geti. Mkitaka bampa, mje mchimbe."

Lottie alicheka, lakini neno lilimwingia. Kompyuta yenyewe ilikuwa tupu, ikingoja programu ya kutunza kumbukumbu. Chester alishaipenda moja yenye rangi na michoro.

"Nitachagua mimi," Lottie akasema. "Wewe ndiye uliyepaka choo rangi ya waridi."

Akawaita wauzaji wawili wa programu siku moja. Tulitayarisha kadi arobaini za vipuri: nusu aliandika yeye kutoka kichwani, nusu niliandika mimi nikizunguka yadini. Kila muuzaji aziingize, kisha ajibu maswali.

Wa kwanza alikuwa Lundgren, bwana wa tai ya hariri. Kadi zikajipanga kwenye kioo, za njano na za buluu. Chester akapiga makofi.

"Nitafutie mlango wa kushoto wa Firebird ya sabini na sita," Lottie akasema.

Lundgren akabonyeza. "Hakuna, mama."

"Upo. Safu ya tatu."

"Kadi inasema ule ni wa Camaro."

"Na kwenye Firebird unaingia kama mguu kwenye soksi. Magari yale ni ndugu. Mashine yako haijui undugu?"

Lundgren akasema kila kadi inaweza kuongezewa majina ya magari mengine, hadi matano.

"Nina alternata yenye ndugu thelathini. Hao ishirini na tano niwalaze wapi?"

Bwana akafunga mkoba wake.

Wa pili, Odessa Pruitt, aliwahi kufundisha hesabu. Programu yake ilionyesha kioo cheusi na kidoa kimoja kinachopepesa.

"Mbona imezimika?" Chester akauliza.

"Haijazimika. Inangoja uiambie kitu." Kabla ya kugusa kadi akamgeukia Lottie. "Mama, wewe kichwani unafanyaje?"

Hakuna aliyewahi kumwuliza hivyo. Lottie akafikiri kidogo. "Nina orodha mbili. Moja ya vilivyomo yadini, nyingine ya nini kinaingia wapi. Naanza na hiyo ya pili, halafu ndiyo naenda kwenye ya kwanza."

"Basi tuandike hivyo hivyo."

Walipomaliza ilikuwa saa nane mchana. Mlango wa Firebird ukapatikana papo hapo. Mara akaingia seremala mmoja akitafuta taa ya nyuma ya gari lake. Lottie akamtajia mbili hata kabla Odessa hajagusa kibodi. Mashine ikatoa tatu.

"Hiyo ya safu ya kumi na moja tuliiuza," Lottie akasema.

Kadi ile niliiandika mimi. Chester akatoka mbio, akarudi na taa mkononi, meno yote nje.

Masikio ya Lottie yakawa mekundu. Akaitazama taa, akakitazama kioo. Kisha akavuta kiti chake karibu na Odessa.

"Haya, mwalimu. Nifundishe kuingiza mwenyewe. Na wewe Chester, acha kuchekacheka, kamfungie mteja taa yake."

Majira ya baridi yote alikuwa akichapa orodha zake mbili kwa vidole viwili. Kiangazi kilichofuata akaenda Milwaukee kwa dada yake, wiki tatu nzima, likizo yake ya kwanza. Alipiga simu mara moja tu, kuuliza kama mbwa wa getini anakula vizuri.