Ndiga za Kitabuni

Mpishi wa shule pale Maneromango alikuwa akiosha mihogo mara tatu, hata ile mitamu ambayo watoto waliitafuna mbichi njiani, na Mwalimu Yosefina, mtunza maktaba ya kijiji, alikuwa akimcheka kimoyomoyo. Mama yule mpishi alijifunza kusoma ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima. Tangu hapo akawa haazimi ila kitabu kimoja, hadithi ya mtu aliyepotea porini. Alikisoma jikoni, kidole chenye masizi kikisukuma maneno na midomo ikifuata nyuma, na kila alipokirudisha, ukurasa uleule ulikuwa umezidi weusi.

Safari ya nne Yosefina uvumilivu ukamshinda. "Mama, hiki kitabu cha kijiji kizima! Ukurasa huu umekukosea nini?" Mpishi akaufungua bila kuutafuta. "Hapa jamaa anachimba ndiga, vile viazi vya porini, anazichoma, anakula. Mwongo huyu! Ndiga ni sumu, Mwalimu. Sharti zilowekwe mtoni siku tatu." Yosefina akacheka, akachukua kalamu. "Basi tumwandikie mwandishi asahihishe." Mama akaufunika ukurasa kwa kiganja. "Hapana, mwache. Huyu anakula, analala, na asubuhi anaamka. Nakirudia kitabu nimwone akiamka." Akakifunga kitabu. "Mwaka ule wa njaa mwanangu alilia sana, nikazitoa mtoni siku ya pili. Ya tatu hakuiona."