Fomu iliyokaa mfukoni siku tisa

Saa mbili asubuhi, Sajini Nanga anafuta vumbi mezani, anapanga kalamu tatu, kisha anaketi kungoja. Ukumbi huu wa shule una viti mia moja. Mpaka saa nne, vimekaliwa saba.

"Ndiyo hali," anasema. "Swali la kwanza la vijana ni kama huko baharini kuna mtandao. Usicheke, ndivyo wanavyouliza."

Nanga ni jina la utani. Wenzake melini walimpa kwa sababu akishakaa mahali, kumng'oa ni shughuli. Kwa miaka ishirini na miwili alifukuza wezi wa samaki na kuopoa waliozama. Magoti yalipogoma, jeshi la majini likampa kazi ya kuandikisha mabaharia. Mwaka huu alitakiwa apate sitini. Amepata kumi na tisa.

Pengo hilo lina makaburi yake. Mwezi uliopita boti ya abiria ilipinduka, na meli ya doria ikakaa gatini saa nne nzima ikingoja watu wa kuazima kutoka meli nyingine. Wakafa abiria kumi na mmoja.

"Meli nzima, mafuta tele," anasema. "Watu ndio hatukuwa nao. Inaniuma mpaka leo."

Mbele yake amekaa mama mmoja, fundi cherehani, aliyemsindikiza binti yake. Fomu inataka saini ya mzazi. Mama ameshika kalamu, lakini haandiki.

"Afande, nikuulize. Wa kwako umempeleka?"

Nanga anainamisha kichwa. Kitinda mimba wake, binti wa miaka kumi na tisa, alimletea fomu kama hiyo siku tisa zilizopita. Imo mfukoni mwa shati, imekunjwa mara nne. Kila jioni binti anauliza, kila jioni anajibiwa, "Kesho, mwanangu."

"Sijampeleka, dada. Watoto wa watu nawaita, wangu nimemficha. Naijua bahari. Naogopa."

Mama anamsogezea kalamu. "Basi anza wewe, nami nifuate."

Nanga anaitoa fomu, anainyoosha kwa kiganja, anatia saini. Mama naye anaandika.

"Ijumaa nitampeleka kambini mwenyewe," anasema Nanga baadaye, akikusanya kalamu zake. "Ninaloomba ni moja tu. Siku akiitwa kuokoa watu, asikute meli inangoja mabaharia."