Moto Uliishia Kwangu

Mgeni akipita mtaani kwetu hapa Voi na kuuliza moto ule ulifika wapi, huonyeshwa nyumba yangu. "Uliishia kwa yule mama wa ndizi," anaambiwa. Husemwa kama sifa, kana kwamba nilisimama mlangoni nikaukemea ukarudi ulikotoka. Moto haukuwahi kufika ndani mwangu. Ulipofika pale, nyumba haikuwepo tena, kwa sababu majirani zangu walikuwa wameshaivunja.

Mtaa wetu uko chini ya reli. Nyumba ni za udongo na mabati, na vichochoro vyake ni vya mtu mmoja. Mkikutana wawili, mmoja lazima ageuke ubavu ndipo mwenzake apite. Hakuna mwenye hati ya ardhi. Dada yangu anayeishi Mraru hunicheka kwamba nimeacha milima na hewa nikaja kupumuliana na watu. Namwambia ndizi za kutoka Mahoo hushushwa Voi alfajiri, na anayechelewa hununua makapi. Shemeji zangu wa Kishushe wana ardhi ambayo ukiita hakuna wa kukuitikia, lakini ng'ombe hawanunui ndizi.

Nyumba ile aliijenga marehemu mume wangu. Kazi yake ilikuwa kuendesha trekta katika shamba la katani, na ufundi wa nyumba aliuokota tu njiani. Watu wengine hufunga fito na nguzo kwa kamba ya katani. Yeye, aliyeiona katani kutwa nzima, hakuiamini hata kidogo, aliamini misumari. Penye kutosha msumari mmoja alipiga mitatu. Nilikuwa nikimshikia boriti huku nikimtania kwamba anajenga jela. Alisema upepo wa Voi hautaniwi, akaendelea kupiga.

Moto ulianza alasiri, siku ya upepo, wakati ambao vumbi jekundu huingia mpaka ndani ya sufuria iliyofunikwa. Nilikuwa nimekaa mlangoni nachambua ndizi zilizolainika. Nilisikia mabati yakipasuka safu ya chini, kisha watu wakiita maji. Wengine wanasema ilikuwa chaja ya simu, wengine jiko la makaa lililoachwa. Siku iliyofuata mtu mmoja alipiga simu redioni akasema watu wa mitaa kama yetu ni wazembe na tunajitakia. Chanzo chake mpaka leo sikijui, na yule wa redioni pia hakijui.

Watu walitoa vitu: magodoro, televisheni, kuku, kabati lisilo na mlango. Watu wa mjini walikuja wakapanga mstari juu ya tuta la reli na simu zao. Nilimwona mteja wangu mmoja, mwalimu, ameinua simu anarekodi huku machozi yakimtiririka, wala hakuishusha ili ajifute. Sikujua kama nimpungie mkono. Gari la zimamoto lilifika likasimama barabarani, maana kichochoro chetu hakipitishi hata mkokoteni. Vijana wa gari hilo walivuta mpira wa maji wakaokoa walichoweza kufikia, mpaka maji yakawaishia. Nao sina ugomvi nao.

Ndipo nikasikia neno "tukate". Kwetu neno hilo halihitaji maelezo. Moto ukiwa na upepo nyuma yake, watu huvunja nyumba iliyo mbele yake ili moto ukose cha kula. Kila mtu anakubali kwamba lazima nyumba ivunjwe. Kinachobaki ni kuamua ya nani.

Nyuma yangu alikaa mama mmoja wa asili ya pwani, muuza mahamri na mbaazi. Tulikuwa tumeazimana chumvi na kuchungiana watoto kwa miaka mingi, na nikiwa na homa yeye ndiye aliyeniletea uji. Alikuja mbio amejifunga leso kiunoni, panga mkononi.

"Shoga, toa vitu vyako. Nyumba yako yavunjwa."

"Yavunjwa na nani?"

"Na sisi."

"Kwa nini isiwe yako?"

"Yangu i nyuma. Wakivunja yangu, yako yateketea, kisha tumekosa zote mbili. Shoga, sikupi shauri, nakupa habari." Halafu akanishika mkono. "Tutakujengea. Wallahi tutakujengea."

Vijana walikuwa wameshafika na shoka na kamba. "Mathe, songa," mmoja akaniambia. "Hii nyumba inaenda chini saa hii." Nilitoa kitanda, mizani, sufuria na picha ya harusi, kisha nikasimama kando. Nilikuwa na hasira mpaka masikio yakanivuma. Nyumba yangu ilikuwa nzima, haina hata moshi, na watu niliowauzia ndizi walikuwa wakiipiga shoka.

Ilikataa kuanguka. Walifunga kamba kwenye boriti wakavuta, watu kumi na zaidi, ikalia tu ikabaki pale pale. Waligonga bati, bati likapinda bila kung'oka. Misumari ya mume wangu ilikuwa imeshika. Wakati wanahangaika, moto ulifika kwa jirani yangu wa ubavuni, mzee aliyekuwa bawabu wa hoteli na sasa amestaafu. Nyumba yake iliungua yote huku yangu bado imesimama. Kama yangu ingeanguka kwa mvuto wa kwanza, watu wangewahi kwake, na nusu ya ile ingeokolewa.

Jirani yangu wa mahamri alikuwa akikata nguzo ya kona huku akimgombeza marehemu. "Bwana huyu alikuwa na nini na misumari? Alikuwa na nini?" Hapo nilicheka na kulia kwa pamoja. Kisha nguzo ikakatika, paa likalala, na watu wote wakashika mabati wakayaburuta mbali. Walimwaga mchanga na maji ya kufulia. Moto ulifika ukingoni, ukala mlango uliosahaulika, ukakosa kingine. Nyumba zote za nyuma, kuanzia ya mama wa mahamri mpaka karibu na msikiti, zilipona.

Misaada ilikuja upesi, lazima niseme. Makanisa yalileta nguo na msikiti ukapika pilau. Waheshimiwa walileta unga na wapiga picha. Uwanjani palikuwa na kijana anayegawa magodoro, mwenye adabu lakini amechoka.

"Mama, nyumba yako iliungua?"

"Ilivunjwa."

"Na moto?"

"Na majirani."

Akafikiri kidogo. "Basi hiyo ni mambo yenu na majirani, mama. Hapa ni ya walioungua."

Sijawahi kuonea wivu majivu isipokuwa siku ile. Yule mzee bawabu alipewa blanketi mbili, akanipa moja. Niliipokea kwa aibu, kwa sababu nilijua misumari ya nani ilimcheleweshea msaada.

Kabla ya kuondoka kwenda kwa dada yangu nilirudi na ndoo pale penye kifusi, nikaokota misumari. Sikuwa na mpango nayo. Ilikuwa imepinda, mingine imekatika vichwa. Mraru nilikaa majuma kadhaa, na kila jioni nilikaa kizingitini na jiwe na nyundo nikiinyoosha mmoja mmoja. Dada yangu alisema, "Mlijazana wenyewe huko, ona sasa." Majirani zake nao walikuja kunipa pole, na kila mmoja alikuwa ameona video. Mmoja aliniambia aliona nyumba ikivutwa kwa kamba, akadhani ni ya mtu mbaya. Nilichukua msumari mwingine nikaugonga.

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Nilipokuwa Mraru, mtaa ulifanya mkutano. Walikubaliana kwamba wanahitaji njia pana ya kupitisha maji na gari siku ya hatari. Hilo ni jambo la akili, na mimi mwenyewe ningeliunga mkono. Walipotazama huku na huku njia hiyo ipite wapi, waliona pengo tayari lipo. Waliokuwa wameungua walikuwa wameshaanza kusimamisha nguzo. Pengo pekee lililobaki lilikuwa langu.

Niliporudi nilikuta alama za magurudumu ya mkokoteni mahali kitanda changu kilipokuwa. Ubavuni mwa pengo hilo, nyumba ya mama wa mahamri, ambayo zamani ilijificha nyuma yangu, sasa ilikuwa na kona inayoonekana kutoka barabarani. Alikuwa ameweka benchi, meza na karai la mafuta. Watu walikuwa wamekaa sebuleni kwangu wanakula mbaazi.

Aliniona akasimama na mwiko mkononi. "Karibu, shoga," akasema, halafu akatazama benchi, akatazama chini. Nilimwuliza bei ya mahamri ni ile ile au imepanda pamoja na kiwanja. Sikungoja jibu.

Mzee wa mtaa, yule anayetuwakilisha kwa chifu, aliitisha kikao pale pale penye pengo. Kila aliyesimama alinishukuru. Mmoja alisema mimi ni mama wa mtaa, mwingine akasema nyumba yangu ilikuwa sadaka. Nilizisikiliza sifa zile zikipanda, nikajua zinaelekea wapi, maana mteja akianza kusifu ndizi zangu sana huwa anataka nimwongeze.

Zamu yangu ilipofika nilisema, "Mimi sikuwapa nyumba. Mliichukua. Na mlifanya vizuri, kwa sababu hata mimi ningechukua ya mwingine. Lakini msiite sadaka kitu ambacho mwenyewe hakutoa. Siku ile mliniambia kitu kimoja tu. Nani anakikumbuka?"

Vijana walitazama viatu vyao. Nilikisikia kwa masikio yangu, tena vinywa vingi vilikisema baada ya kile cha kwanza, ila kwenye umati kila mtu hudhani ahadi ni ya mwenzake. Nikasema kama tunataka njia, basi kila nyumba ya mstari huu itoe hatua moja, na mimi nitatoa yangu. Mzee wa mtaa alisema hilo ni wazo zuri sana, la kufikiriwa. Nikaelewa kwamba halitafikiriwa. Jirani yangu wa mahamri alikaa mwisho wa benchi lake wala hakufungua mdomo, na hicho ndicho kilichoniuma kuliko yote. Shamba la kujenga Kishushe ningepata, lakini rafiki wa kuniletea uji nikiwa na homa singempata huko.

Asubuhi iliyofuata niliazima sururu nikaanza kuchimba mashimo ya nguzo. Ardhi ya Voi ukiichimba kiangazi inakujibu. Nilikuwa kwenye shimo la pili niliposikia bati likigongwa nyuma yangu. Mama wa mahamri alikuwa amesimama juu ya meza yake anabomoa jiko lake, lile banda lililoegemea nyumba upande wa pengo, ambalo ndilo alilopikia na kulishia watoto wake. Alibomoa bila kunitazama. Alipomaliza, alihesabu hatua kutoka ukuta wake mpaka shimo langu.

"Sogeza shimo lako huku kidogo," akasema. "Wewe upana wa kitanda, mimi jiko. Mkokoteni wapita."

"Na gari la zimamoto?"

"Gari halipiti. Lakini mkokoteni wa mapipa ya maji wapita." Akashuka mezani. "Mimi ndiye niliyeapa, shoga. Nilinyamaza jana sababu niliona haya. Kona ilikuwa tamu."

Mchana ule ule alipita kwa vijana walioshika shoka siku ya moto, mmoja mmoja. Aliwaambia asiyekuja na nguzo asije kutaka hamri la deni tena. Walikuja. Hata yule wa "mathe, songa" alikuja na fito begani, na alifanya kazi kuliko wote. Mzee bawabu alileta birika la chai kutoka kwenye chumba chake kipya.

Nguzo ziliposimama, fundi aliniona nimekumbatia ndoo yangu ya misumari. Nilikuwa nimeinyoosha yote. Akafuta jasho akaniuliza, "Mama, tupige misumari ama tufunge kamba?"

Watu waliacha kazi. Kila mmoja pale alielewa swali. Kamba ya katani hukatwa kwa panga mara moja, na nyumba ikalala kabla moto haujavuka. Kujibu kamba ni kukubali kwamba safari nyingine, upepo ukiwa ule ule, watakuja tena kwangu. Nilimtazama mzee bawabu na birika lake. Nikamfikiria mume wangu, ambaye alinijengea nyumba isianguke, nami nilimpenda kwa hilo.

"Funga kamba," nikasema. "Misumari ni ya mlango."

Mlango wangu sasa una misumari mingi kuliko inavyohitaji, na haulii hata upepo uvume vipi. Kuta zote ni kamba. Usiku wa upepo ninazisikia zikikaza na kulegea, na sijazizoea bado.

Jirani yangu naye alijenga jiko jingine, dogo, upande wa nyuma. Siku alipolimaliza aliniita nikaonje mahamri ya kwanza. Nilikula nimesimama, macho yangu yakipanda ukutani, kutoka nguzo hadi nguzo mpaka kwenye paa. Hapakuwa na msumari hata mmoja, ni kamba tupu. Aliniona ninavyotazama, akanimiminia mbaazi, akasema moto ukija tena, safari hiyo waanze kuvunja kwake.